Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja aliyekumbukwa kwa viraka

Msikilizaji wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, umewahi kununua shati la mtumba ukajiuliza kabla yako lilivaliwa na nani? Leo tunamzungumzia mtu aliyeuza nguo kuukuu kabla dunia haijamjua.

Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India. Alisoma shule ya bweni India, akarudi nyumbani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza.

Huko alisomea uchoraji. Yeye na rafiki yake Roger Taylor walikuwa na kibanda katika soko la Kensington, London, wakiuza nguo za zamani na skafu. Mwaka 1970 yakaanza maisha ya bendi ya Queen, naye akajiita Freddie Mercury.

Alipenda wanawake, akapenda pia wanaume. Alipofika Uingereza, mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa bado kosa la jinai. Sheria ililegezwa mwaka 1967. Waandishi hakupenda kuwaeleza ya chumbani kwake. Lakini jukwaani alipaka rangi kucha, akavaa hariri na mikono mipana kama mbawa. Aliyetaka kumjua alimsoma kwenye mavazi.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana Ukimwi. Kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45.

Nchini Marekani, tangu 1987, ndugu na marafiki wa waliokufa kwa Ukimwi walikuwa wakishona blanketi kubwa la viraka. Wengi wa marehemu wa mwanzo walikuwa wanaume waliopenda wanaume, na wengine walizikwa kwa aibu na kimya. Kila kipande kina futi 3 kwa 6, kiasi cha kaburi, na jina la marehemu. Wengine hushonea humo shati au suruali aliyoacha. Leo vipande ni takriban 50,000, na jina la Freddie limo.

Nyumbani hakukubaliwa na wote. Mwaka 2006 sherehe ya kumbukumbu yake Zanzibar ilifutwa baada ya kupingwa. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Mji Mkongwe.

Dawa zenye nguvu za kufubaza virusi zilipatikana mwaka 1996, miaka mitano baada ya kifo chake. Leo zipo hadi hapa Ifakara. Msikilizaji, kapime.