Mguu wa Wilma Ulikandwa na Nyumba Nzima

Mzazi unayempeleka mtoto mazoezi ya viungo kila wiki na kurudi nyumbani umechoka, leo nakusimulia habari za Wilma Rudolph. Alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tennessee, Marekani, kabla ya siku zake, akiwa na kilo mbili tu. Akiwa bado mdogo polio ilimdhoofisha mguu wa kushoto, ikabidi atembee na chuma mguuni. Chanjo ilikuja mwaka 1955, kwake ikiwa imechelewa.

Mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani. Siku hizo za ubaguzi, alipanda naye basi kutoka Clarksville hadi Nashville, kilomita 80 hivi, penye hospitali iliyohudumia Weusi. Huko alijifunza kuukanda mguu, akawafundisha ndugu zake Wilma, wakawa wanapokezana mara nne kwa siku. Wilma alikuwa mtoto wa 20 kati ya 22 wa baba yake, kwa hiyo mikono haikukosekana.

Chuma kikatoka. Akaingia mpira wa kikapu, kisha riadha. Katika mashindano ya shule huko Tuskegee alishindwa mbio zote, na hapo angeweza kabisa kuacha. Lakini Ed Temple, kocha wa wasichana wa chuo cha Tennessee State, alikuwa amemwona, akamwita afanye mazoezi na dada waliomzidi umri. Temple alikuwa mkali: ukichelewa dakika moja, unazunguka uwanja mara moja. Ila sheria ilikuwa ya wote, na masomo hayakuachwa nyuma. Wilma alipojifungua mwaka 1958, timu ilimpokea tena.

Wataalamu wa saikolojia ya michezo husema mtoto anayepimwa kwa juhudi zake na kwa alivyokuwa jana hudumu mchezoni kuliko anayepimwa kwa kuwashinda wenzake tu, na kuaibishwa akikosea. Huyu wa pili huanza kuuogopa uwanja. Basi mwanao akirudi kutoka mechini, swali lako la kwanza ni lipi? Mimi ningeanza na alichojifunza leo. Matokeo atakwambia mwenyewe.

Roma, mwaka 1960, Wilma alipata dhahabu tatu: mita 100, mita 200 na kupokezana vijiti. Wanne wote wa kijiti walikuwa wasichana wa Temple. Aliacha mbio mwaka 1962, akafundisha na kuwalea wanamichezo vijana, akafariki kwa saratani Novemba 1994.