Imam Ghazali: Mwalimu wa Baghdad Aliyejifungia Mnarani

Visiwani kwetu jina la Ihyaa Ulumid-Din linajulikana hata na wasiowahi kukifungua kitabu hicho. Masharifu waliokuja na elimu ya Hadhramaut walikipenda mno. Ila aliyekiandika, Imam Ghazali (Rahimahullah), hakukiandika akiwa amekaa raha mustarehe kwenye kiti cha ualimu. Kabla yake aliacha cheo, mji na ada zake zote za kila siku.

Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali alizaliwa mwaka 450H (1058) katika mji wa Tus, Khurasan, nchi ya Waajemi. Baba yake, inavyosimuliwa, alikuwa akisokota nyuzi za sufi na kuziuza. Alifariki watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, wakiwa wadogo, akiwa amemuusia rafiki yake mchamungu awasomeshe. Akiba ilipokwisha, rafiki yule akawaambia waende madrasa, ambako wanafunzi walikuwa wakilishwa. Imam hakuficha ukubwani kwamba mwanzo wao walitafuta elimu kwa ajili ya riziki.

Akiwa kijana alikwenda Jurjan kusoma, akaandika daftari nyingi za masomo. Njiani akirejea, wanyang'anyi wakauvamia msafara na kuchukua kila kitu. Akawafuata, akimbembeleza mkubwa wao amrudishie daftari tu, kwani elimu yake yote ilikuwa humo. Yule mwizi akamcheka: vipi anadai kuwa na elimu, na watu wameweza kumpokonya ikabaki mtupu? Akamrudishia. Ghazali alifika kwao akakaa miaka mitatu akihifadhi yaliyomo. Ni ajabu ya Mola, mtu kupata darsa kama ile kwa jambazi wa njiani.

Baadaye alisoma Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni, na mwaka 484H (1091), akiwa na miaka thelathini na kitu tu, aliwekwa kuwa mwalimu wa Nidhamiyya ya Baghdad. Wanafunzi mia tatu walikaa mbele yake. Mawaziri walimheshimu, na katika mijadala wachache walimweza.

Humo ndani ya sifa ndimo maradhi yake yalipoanzia. Alisoma vitabu vya masufi, kama Qutul Qulub cha Abu Talib al-Makki na maandishi ya Muhasibi, akayafahamu yote kwa akili. Kisha akaona kuwa kufahamu hakukumfikisha popote. Kujua maana ya afya ni kitu kimoja, na kuwa mzima wa afya ni kitu kingine; tabibu mgonjwa anazijua dawa zote na bado anaumwa. Kilichobaki hakipatikani kwa kusoma wala kusikiliza, ila kwa kuonja na kuishi. Alipoitazama nia yake ya kufundisha, akaiona imechanganyika na kupenda jaha na kutajwa.

Kuanzia Rajab 488H (1095) alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku: asubuhi anaazimia kuondoka, jioni nafsi inamrudisha. Mwisho ulimi wake ukafungika. Akawa anataka kusomesha siku moja tu awaridhishe wanafunzi, neno halitoki. Chakula hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni, hawana dawa yake.

Mzazi anayesoma habari hii huenda akauliza: na watoto je? Imam aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto. Nafasi ya kusomesha akaishika ndugu yake Ahmad. Akatangaza kuwa anakwenda Makka, kumbe amekusudia Sham.

Damascus alikaa karibu miaka miwili. Kazi yake ikawa khalwa, kuisafisha nafsi na dhikri. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti, akajifungia mlango mchana kutwa. Aliyezoea kusikilizwa na mia tatu, sasa hasikilizwi na mtu. Kisha akaenda Baitul Maqdis, akaenda Hebron kumzuru Nabii Ibrahim (Alayhis Salaam), kisha akahiji.

Katika miaka hiyo aliandika Ihyaa, na ndani yake yanaonekana aliyoyapitia. Anasema tabia hupatikana kwa kuzoea: anayetaka kuwa mwandishi wa hati nzuri huanza kwa kuilazimisha mkono wake kuiga, mpaka siku moja hati inatoka yenyewe. Mwenye kiburi afanye matendo ya wanyenyekevu, hata kama mwanzo anajilazimisha. Na moyo ameufananisha na hodhi. Maji huingia kwa mifereji kutoka nje, nayo ni macho, masikio na hisia nyingine, zinazojaza ndani picha na fikra. Au mtu aizibe mifereji, achimbe chini, maji yabubujike humo humo, yakiwa safi zaidi. Mwenye kisima uani hahitaji kuelezwa zaidi. Wanavyuoni wamekikosoa kitabu kwa hadithi dhaifu zilizomo, na al-Iraqi alizichambua, lakini milango hii ya nafsi wachache wameieleza kama yeye.

Wito wa watoto ndio uliomrudisha kwao. Mwaka 499H (1106) aliombwa na waziri Fakhrul Mulk asomeshe tena Nishapur, akakubali. Abdul Ghafir al-Farisi alimjua kabla na baada. Zamani alimwona mkali, mwenye kujiona na kudharau watu. Aliporejea mpole, alidhani anajifanya. Akamtembelea mara kwa mara, akamchunguza, akakiri kuwa upole ule ni wa kweli.

Miaka ya mwisho alikuwa Tus, jirani na nyumba yake akiwa na madrasa na mahali pa masufi. Saa zake alizigawa kwa kukhitimisha Qur'ani, kukaa na wachamungu na kusomesha, na mwishoni akaelekea kusoma Bukhari na Muslim. Alifariki tarehe 14 Jumadal Akhira 505H (1111). Hakuacha ila mabinti. Watu walikuwa wamemletea mali akaikataa. Alikuwa na urithi na chumo la kumtosha yeye na ahali zake.