Rwagasore na Faranga ya Nchi Mbili

Hayati Mwanamfalme Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari, 1932, akiwa mwana wa Mwami Mwambutsa Bangiricenge. Alisoma Astrida, katika nchi jirani ya Rwanda, kisha akaenda masomoni Antwerp, Ubelgiji. Askari wanaomkumbuka kila tarehe 13 Oktoba humjua kuwa shujaa wa uhuru. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mapambano yake yalianzia kwenye daftari la hesabu.

Zama hizo mkulima wa vilima vya Bugendana, alipouza kahawa au alipolipa kodi ya kichwa, alishika faranga ile ile aliyolipwa mchimba madini wa Katanga. Ilitolewa na Benki Kuu ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Wenyeji waliitumia na kuilipia kodi, lakini kiasi cha noti na matumizi ya hazina viliamuliwa na Wabelgiji.

Aliporejea nyumbani, Rwagasore alianza na biashara kabla ya siasa. Mwaka 1957 aliunda vyama vya ushirika, akiungwa mkono hasa na wafanyabiashara Waswahili wa Buyenzi, mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Shabaha ilikuwa njema: faida ya biashara ibaki kwa mwananchi. Walakini ukweli hauna budi kusemwa, hata kwa shujaa. Hesabu za ushirika hazikuwa imara, madeni yakaulemea, na watawala, ambao hawakuupenda tangu mwanzo, wakapata mlango wa kuingilia. Mwaka 1958 uongozi wake ukatwaliwa.

Kisha ukaja mwaka 1960. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni. Siku chache baadaye askari wa Force Publique wakaasi, na Katanga ikajitenga pamoja na mapato ya madini yake. Hazina iliyopoteza Katanga ilikuwa imepoteza nguzo, nayo faranga ikayumba. Mwaka huo huo ikaundwa Benki ya Kutoa Noti ya Rwanda na Burundi, ili nchi hizi mbili zisizame pamoja na Kongo. Katika vurugu hizo Rwagasore aliwataka wananchi wasusie maduka ya Wabelgiji na wakatae kulipa kodi. Alizuiliwa Bururi mwezi Oktoba hadi Desemba, na uchaguzi wa komini ukapita yeye akiwa kizuizini.

Tarehe 18 Septemba, 1961 chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64, naye kabla ya mwezi kwisha akawa Waziri Mkuu. Hapo mambo yakageuka. Aliyewaambia raia wasilipe sasa alikuwa na serikali ya kuendesha, na serikali hailipi mishahara ya walimu wala ya askari kwa nyimbo za ushindi. Aidha, faranga haikuwa ya Burundi peke yake. Rwanda, iliyopiga kura ya kuondoa ufalme tarehe 25 Septemba, ilikuwa mshirika katika benki ile ile. Mmoja akitumia kuliko mapato yake na kufidia pengo kwa noti mpya, bei hupanda kwa wote wawili. Ilihitajika kanuni ya kuzibana hazina zote mbili, na imani ya kuisimamia.

Rwagasore hakupata muda wa kulishughulikia hilo. Tarehe 13 Oktoba, 1961 alipigwa risasi katika Hoteli Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Warithi wake walikubaliana na Rwanda huko Addis Ababa, Aprili 1962, kuendelea na umoja wa uchumi, forodha na sarafu. Desemba 1963 wakimbizi wenye silaha waliishambulia Rwanda wakitokea Burundi, na uhusiano ukavunjika. Mwaka 1964 kila nchi ikaunda benki yake. Noti za pamoja zilizobaki upande huu ziligongwa muhuri wa neno Burundi. Baadaye sura ya Rwagasore ikachapwa kwenye noti ya faranga 100.

Tarehe 30 Novemba, 2013, mjini Kampala, Burundi na Rwanda zilitia saini tena, safari hii pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Masharti ya hazina yalitangulizwa: nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi 4.5 ya kuagiza bidhaa. Mwaka 2024 uliokusudiwa ulipita bila sarafu hiyo, na kahawa ya Bugendana bado inalipwa kwa faranga ya Burundi.