Lewis Carroll (1832–1898): mtunzi wa michezo ya maneno

Wengi wanaomfahamu Lewis Carroll humfahamu kwa kisa kimoja tu, cha msichana Alice aliyetumbukia katika shimo la sungura. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine, unaomhusu kila mwenye mazoea ya kufungua kamusi. Carroll alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kubuni michezo ya herufi na maneno, akaichapisha magazetini na kuyapima majibu ya wasomaji. Kwa kufanya hivyo alijikuta akikabiliana mara kwa mara na swali ambalo watunzi wa kamusi hawalikwepi: neno ni lipi, na nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, kaunti ya Cheshire, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Watoto walikuwa kumi na mmoja. Charles alikuwa wa tatu, na wa kwanza miongoni mwa wavulana. Mwaka 1843 familia ilihamia Croft, kaskazini mwa nchi, na huko ndiko kipaji chake kilikoanza kuonekana. Aliwatungia ndugu zake magazeti ya nyumbani, yaliyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa michoro, mashairi na mafumbo. Moja aliliita Mischmasch, yaani mchanganyiko, na jina hilo atalirudia baadaye.

Alikuwa na kigugumizi, kama walivyokuwa nacho ndugu zake kadhaa. Sipendi kumfasiri mtu kwa kasoro moja ya mwili wake, lakini jambo hili haliwezi kupuuzwa. Sauti iliyomkatalia kinywani ilimtii kwenye karatasi, na huko aliweza kuigawa, kuipindua na kuihamisha apendavyo.

Baada ya shule ya Rugby alijiunga na chuo cha Christ Church, Oxford. Alianza kuishi chuoni Januari 1851, na siku chache tu baadaye mama yake alifariki dunia. Alifaulu hisabati kwa daraja la kwanza mwaka 1854, akawa mhadhiri wa somo hilo mwaka 1855, kazi aliyoishika hadi 1881. Hakuhama chuoni hapo maisha yake yote. Mwaka 1861 alipewa daraja la ushemasi, ila hakuendelea hadi ukasisi. Hakuoa.

Hata jina lake la kalamu ni fumbo. Mwaka 1856 mhariri wa gazeti moja la London, Edmund Yates, alimtaka achague jina la kutia chini ya mashairi yake. Dodgson alimpelekea majina manne. Mawili, mojawapo likiwa Edgar Cuthwellis, aliyapata kwa kuzipangua na kuzipanga upya herufi zote kumi na tano za Charles Lutwidge, bila kuongeza wala kupunguza hata moja. Mengine mawili yalipita njia ndefu zaidi. Aliyageuza majina yake kuwa ya Kilatini, Carolus na Ludovicus, akayabadilisha nafasi, la pili likatangulia, kisha akayarudisha katika Kiingereza. Ndipo akapatikana Lewis Carroll. Yates akalichagua hilo. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi tofauti kati ya kupangua herufi na kutafsiri jina hana haja ya mfano mwingine.

Habari za Alice zinajulikana, nami nitazipitia upesi. Tarehe 4 Julai 1862 Dodgson na rafiki yake Robinson Duckworth waliwapeleka mabinti watatu wa mkuu wa chuo, Lorina, Alice na Edith Liddell, kwa mashua hadi Godstow, na njiani akawasimulia hadithi. Kitabu kilitoka mwaka 1865, kikiwa na michoro ya John Tenniel. Urafiki wake na familia hiyo ulikatika ghafla Juni 1863, na ukurasa wa shajara yake wa siku hizo umekatwa. Wasifu mwingi umeandikwa juu ya pengo hilo, na mwingi wake ni dhana. Cha kututosha hapa ni shairi linalofunga kitabu cha pili cha Alice, kilichotoka mwishoni mwa 1871. Ukizisoma herufi za kwanza za mishororo yake kutoka juu hadi chini, unapata jina kamili la yule msichana, Alice Pleasance Liddell. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashangazwa mno na ufundi huo, kwa sababu pwani yetu ina tungo za kale ambazo beti zake hufuata mpangilio wa herufi za Kiarabu.

Mchezo wake wenye matunda mengi zaidi ulizaliwa wakati wa Krismasi ya 1877, kwa ajili ya wasichana wawili waliomlalamikia kwamba hawana la kufanya. Aliuita kwanza viungo vya maneno, kisha akauita Doublets. Tarehe 29 Machi 1879 gazeti la Vanity Fair lilianza kuuchapisha kama shindano lenye zawadi, na mwaka huohuo ukatoka katika kitabu kidogo. Kanuni yake inaelezeka kwa pumzi moja. Mchezaji hupewa maneno mawili yenye idadi sawa ya herufi, aghalabu yanayokinzana au kuhusiana kimaana. Hulibadilisha la kwanza herufi moja kwa wakati mmoja, bila kuhamisha nafasi ya herufi nyingine, hadi alifikie la pili. Kila hatua lazima iwe neno halisi. Kutoka HEAD, kichwa, hadi TAIL, mkia, Carroll alipitia maneno manne. Mwenye viungo vichache ndiye mshindi.

Mchezo huu unaingia katika Kiswahili bila kulazimishwa. Kutoka mama hadi baba njia ni hii: mama, hama, haba, baba. Anayependa anaweza kupita kwingine: mama, kama, kaba, baba. Kumgeuza kuku kuwa bata kunahitaji subira zaidi: kuku, buku, bubu, babu, baba, bata. Katika darasa la fonolojia ngazi kama hizi hufundisha kitu ambacho jedwali la vitabuni hulifundisha kwa shida, yaani kwamba badiliko la sauti moja linatosha kuzaa maana nyingine kabisa. Wanafunzi huligundua wenyewe, tena kwa kelele.

Ila Kiswahili kinaweka sharti ambalo Carroll hakulazimika kulifikiria kwa namna hiyo. Je, tunahesabu herufi au sauti? Kutoka choka hadi shoka hakuna ugomvi, kwa kuwa herufi moja imebadilika na sauti moja imebadilika. Lakini choka na toka zinatofautiana kwa sauti moja tu ilhali urefu wake katika maandishi si sawa. Kwa kanuni ya herufi hatua hiyo ni haramu, kwa kanuni ya sauti ni halali. Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa sarufi achague sauti, na mhariri wa gazeti achague herufi, mradi kila mmoja atangaze chaguo lake kabla ya mchezo kuanza.

Ugumu mkubwa ulitokea mahali ambapo mtunzi wa kamusi angeutarajia. Washindani wa Vanity Fair walifukua maneno ya kale, ya mikoani na ya kitaalamu ili wafupishe njia. Carroll aliona kuwa haitoshi kuwaambia watumie maneno ya Kiingereza, akaandaa orodha ya maneno yanayokubalika na kuitia katika kitabu chake. Mhadhiri wa hisabati akawa, kwa ajili ya mchezo, mtunga kamusi. Alitaka maneno yatumikayo na watu wa kawaida wenye elimu, akayaacha mengine nje.

Hapo ndipo mchezo unapoacha kuwa mchezo. Tuseme tunatoka moto kwenda pato. Njia ya mkato ni kupitia mato, na mato ni macho katika lahaja za kaskazini ya pwani na katika ushairi wa kale. Mwanafunzi wa Lamu ataliandika bila kusita, na mwenzake wa bara atampinga kwa kamusi mkononi. Ukilikataa neno hilo umemwambia mtoto kwamba lugha ya bibi yake si Kiswahili. Ukilikubali, huna budi kukubali pia maneno ya Kimakunduchi, ya Kingwana na ya mitaani, na orodha yako haina mwisho. Carroll aliikata shauri kwa upande wa usanifu. Binafsi ningelikubali mato na kuwapa alama mchezaji anayeweza kueleza neno lake linatumika wapi, lakini natambua kwamba msahihishaji wa mtihani hana anasa hiyo.

Michezo mingine ilifuata. Mwaka 1881 alichapisha mmoja na kuupa jina lile la utotoni, Mischmasch. Mchezaji hutoa kikundi kidogo cha herufi, na mwenzake hutafuta neno lenye herufi hizo zikiwa zimefuatana. Jaribu katika Kiswahili kwa lm, utapata almasi. Jaribu kwa kt, utapata daktari. Baada ya raundi chache wachezaji wanatambua kwamba mifuatano migumu ya konsonanti karibu yote inawapeleka kwenye maneno ya mkopo, maana silabi zetu za asili huishia kwa irabu. Mwaka 1891 ukaja Syzygies katika gazeti la The Lady, wa kuunganisha maneno kupitia vipande vya herufi yanavyoshiriki. Huo ni mzito, na sioni ajabu kwamba haukuenea.

Kati ya 1880 na 1885 alichapisha katika gazeti la The Monthly Packet mfululizo wa visa kumi, kila kimoja akikiita fundo, na ndani ya kila fundo mlikuwa na maswali ya hisabati ya kufunguliwa. Wasomaji walituma majibu kwa majina ya kubuni, naye akayachambua hadharani na kuwapanga wajibu katika madaraja kama ya mtihani wa Oxford. Alionyesha nani alikosea wapi, kwa dhihaka ya kirafiki na bila kumhurumia aliyebahatisha. Kazi hiyo ya kusahihisha ndiyo inayonivutia kuliko maswali yenyewe. Ni mtu yuleyule aliyeweka daftari la barua zake tangu 1861, na lilipofungwa kwa kifo chake lilikuwa limefikia namba 98,721.

Usiku pia alitunga. Kitabu chake cha 1893 kina maswali 72 ya hisabati ambayo mengi aliyafumbua kichwani akiwa kitandani. Toleo la kwanza lilisema katika jina lake kwamba yalitungwa katika usiku wa kukosa usingizi. Marafiki wakahofia afya yake, naye katika toleo la pili akabadilisha maneno hayo yawe saa za kukesha. Mtafsiri ataielewa tofauti hiyo bila maelezo.

Kitendawili chake mashuhuri kuliko vyote hakikuwa na jibu. Katika kisa cha Alice, yule mwenye kofia anauliza kwa nini kunguru anafanana na dawati la kuandikia, kisha anakiri kwamba hajui. Kwa desturi yetu hilo ni kosa la adabu: anayetega huombwa jibu kwa kupewa mji, na akishapewa mji hana haki ya kunyamaza. Wasomaji walimwandikia Carroll kwa miaka thelathini, kana kwamba wanampa miji, na hatimaye, katika dibaji aliyoiandika Krismasi ya 1896, akatoa jibu. Sehemu yake moja ilichezea maana mbili za neno la Kiingereza linalotaja sauti za muziki na pia maandishi mafupi. Sehemu nyingine ilikuwa ya herufi. Alilitumia neno never, lenye maana ya kamwe, lakini akaliandika nevar, ambalo likisomwa kutoka nyuma ni raven, yaani kunguru.

Lewis Carroll alifariki dunia tarehe 14 Januari 1898 nyumbani kwa dada zake, Guildford, kwa nimonia iliyofuatia mafua makali, zikiwa zimesalia wiki mbili atimize miaka 66. Amezikwa mjini humo.

Jibu lake halikudumu. Katika matoleo yaliyofuata mtu fulani wa matbaa aliliona nevar, akadhani ni kosa la tahajia, akalisahihisha. Mzaha ukafa, na vizazi kadhaa vya wasomaji vikasoma jibu lisilokuwa na maana, hadi mwaka 1976 Denis Crutch alipolifukua neno lilivyoandikwa mwanzo.

Kisa cha Alice kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1940 na Sheldon Press, kwa jina Elisi katika Nchi ya Ajabu, na tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ikatoka mwaka 2015. Mtafsiri anayefikia kitendawili cha kunguru hana msaada wa herufi, kwa kuwa kunguru akisomwa kinyumenyume hatoi kitu. Lakini pwani ina mchezo wake wa kale uitwao kinyume, ambao Edward Steere aliutolea mifano katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha mwaka 1870, miaka mitano tu baada ya Alice kuchapishwa Uingereza. Katika mchezo huo hazipinduliwi herufi. Silabi ya mwisho ndiyo inayohamia mbele, na kunguru akawa rukungu.