Jimmie Rodgers na gitare iliyoandikwa jina lake

Mu mji wa Meridian, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, kuna nyumba ya makumbusho inayochunga gitare moja ya zamani. Ilitoka kiwandani mwaka wa 1928. Kwenye shingo, chini ya nyuzi, kuna jina la mtu lililopachikwa kwa vipande vya kombe vinavyong'aa: Jimmie Rodgers. Kwenye kichwa kuna maneno mawili, Blue Yodel, jina la wimbo uliomtoa mu umaskini. Ukiigeuza, mgongoni utakuta neno la Kiingereza la kusema asante, kwa herufi kubwa. Alipomaliza kuimba, mwenyewe aliigeuza mbele ya watu, wakasoma, wakapiga makofi.

Mtu huyo aliishi na gitare yake miaka tano tu, hata haikutimia. Wakati inatengenezwa, waganga walikuwa wamekwisha kumwambia kitambo kwamba ana kifua kikuu. Leo tunasimulia maisha yake, na namna jina lake lilivyosafiri mpaka huku kwetu Afrika.

Mtoto wa reli

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tisa 1897. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa kapita wa wafanyakazi waliotengeneza njia ya reli. Mtoto akalelewa huku na huku, leo kwa baba, kesho kwa ndugu za familia. Masomo hayakumkaa kichwani. Yeye alipenda kuimba mbele ya watu. Alipokuwa na miaka kama 13, alikwisha kutoroka nyumbani kufuata kikundi cha watu wa maonyesho. Baba akamfuata, akamrudisha, akamtia kazini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba maji ya kunywa kwa wafanyakazi wa reli. Wengi kati yao walikuwa watu weusi, na kazi yenyewe ilikuwa ngumu: kuinua vyuma, kupiga misumari, kusukuma mawe, jua likiwaka. Ili wavute pamoja, waliimba. Wale kati yetu waliokulia Kindu, Kabalo ao Kalemie wanajua vile maisha ya reli yanavyofundisha mtoto mambo mengi kuliko darasa. Kijana yule mzungu alisikiliza, akashika nyimbo, akajifunza namna ya kugusa nyuzi. Tukisema leo kwamba yeye ni baba wa muziki wa country, tusisahau kwamba sehemu kubwa ya muziki huo aliichota kwa wafanyakazi weusi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Nyuma yake akawa mtu wa freni. Zamani kila treni ya mizigo ilihitaji watu wa kukimbia juu ya mabehewa na kufunga freni kwa mikono. Ni kazi iliyokata watu vidole na hata maisha. Na haikuwa ya kudumu: mizigo ikipungua, unarudishwa nyumbani bila kitu. Mwaka wa 1920 alioa Carrie Williamson, binti ya mchungaji wa kanisa. Walizaa watoto wawili wa kike. Wa pili, June, alikufa mwaka wa 1923 akiwa bado mchanga.

Mwaka uliofuata, 1924, Rodgers alianza kutema damu. Ilikuwa kifua kikuu. Wakati ule dawa ya ugonjwa huo haikuwepo kabisa. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kuua vijidudu vyake, iligunduliwa mwaka wa 1943. Waganga walichoweza kutoa ni shauri: pumzika, kula vizuri, tafuta hewa safi. Lakini mtu mwenye mke na mtoto, asiye na akiba, atapumzika namna gani? Kazi ya reli ilianza kumshinda. Kilichobaki mkononi ni muziki.

Ugomvi juu ya jina

Mwaka wa 1927 tunamkuta Asheville, mji wa milimani mu North Carolina, ambako wagonjwa wa kifua walikuwa wanakwenda kutafuta hewa. Mji huo ulikuwa umepata redio yake ya kwanza mwaka uleule, WWNC. Rodgers akapata nafasi ya kuimba humo. Akajiunga na vijana wengine waliokuwa na kikundi chao, Tenneva Ramblers. Redio haikuwachunga muda mrefu. Wakabaki tena bila kazi.

Hapo ndipo waliposikia kwamba mtu wa kampuni ya sahani za muziki, Ralph Peer, amefika Bristol, mji ulio kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia. Peer alileta mashine za kurekodi, akazipanga mu nyumba moja ya mjini, akaita waimbaji wa vijijini waje kujaribu. Rodgers na wenzake wakaenda. Lakini usiku wa mwisho kabla ya kurekodi, ugomvi ukawaka: kwenye sahani litaandikwa jina gani? La kikundi, ao la Rodgers? Hawakupatana. Wenzake wakaamua kurekodi peke yao.

Kwa hiyo tarehe 4 mwezi wa nane 1927, mgonjwa huyo wa kifua alisimama peke yake mbele ya mikro, na gitare tu. Aliimba nyimbo mbili. Hazikuuza sana, lakini zilifungua mlango. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule alirekodi tena huko Camden, New Jersey, na mu nyimbo hizo kulikuwa ile ya Blue Yodel. Yodel ni namna ya kurusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, kama wachungaji wa milima ya Uswisi wanavyofanya. Yeye aliiweka ndani ya blues aliyojifunza relini. Watu walikuwa hawajasikia kitu cha namna ile. Sahani ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Mtu aliyekuwa hana nauli ya treni akawa nyota mu muda wa miezi michache.

Gitare ya komande

Sasa tufike kwa gitare. Zamani hizo, mpiga gitare wa Marekani aliyetaka kitu kizuri alifikiria jina moja kwanza: Martin. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1833 na fundi mmoja aliyetoka Ujerumani, na mpaka leo makao yake ni Nazareth, mji mdogo wa Pennsylvania. Mnunuzi kwa kawaida hakuwa anakwenda Nazareth. Alikwenda kwa muuzaji wa mji wake, magazini yenye kuuza piano, vinanda na nyuzi. Muuzaji alinunua kiwandani kwa bei ya chini, akauza kwa bei ya katalogi. Faida yake ilikuwa hapo katikati.

Ukitaka gitare ya kawaida, unachagua ukutani. Ukitaka ya kwako mwenyewe, mnafanya komande. Hapo shurti kila kitu kielezwe wazi kwa maandishi: ukubwa wa mwili, aina ya mti, upana wa shingo, mapambo, na jina, herufi kwa herufi. Barua inakwenda kiwandani, kazi inaandikwa mu kitabu, gitare inapewa namba yake. Namba hiyo inapigwa ndani, kwenye kipande cha mti kinachoshika shingo. Kisha unangoja, maana mti uliokauka vibaya utapasuka, na kupachika kombe kipande kwa kipande si kazi ya siku moja.

Wauzaji wenyewe mara ingine walikuwa na mawazo kuliko kiwanda. Mwaka wa 1916, Martin walitengeneza gitare yenye mwili mkubwa kuliko zote kwa sababu kampuni ya Ditson, muuzaji wa Boston, iliiomba. Ilibeba jina la Ditson. Kiwanda kilingoja hadi mwaka wa 1931 kuiuza kwa jina la Martin. Ni aina ile inayoitwa dreadnought, yenye kiuno kipana, na leo gitare nyingi unazoziona makanisani zimefuata umbo hilo.

Gitare ya Rodgers ilikuwa ya aina ya 000-45. Namba 45 ilikuwa daraja la juu kabisa: mti mweusi-mwekundu wa Brazil mgongoni na mbavuni, kombe za kung'aa kuzunguka pande zote. Juu ya hayo yote likaongezwa jina lake. Ndani ya mwili wa gitare kulibandikwa karatasi ya tarehe 27 mwezi wa saba 1928, ambayo C. Frederick Martin III, wa familia yenye kiwanda, alimtakia heri. Fikiria: mwaka mmoja kabla, wenzake walimwacha juu ya jina hilo hilo. Sasa mafundi wa Nazareth walikuwa wamelichonga kwa kombe, na hakuna wa kulifuta.

Kukimbizana na saa

Pesa ikaingia, na ikatoka. Mwaka wa 1929 alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, kwa sababu hewa ya huko ni kavu na wagonjwa wa kifua waliipenda. Mwaka uleule alionekana mu filamu fupi, amevaa nguo za mtu wa reli. Mwezi wa saba 1930, huko Hollywood, alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, na Lil Hardin kwenye piano. Mu Marekani ya ubaguzi, ambako wazungu na weusi walikatazwa mahali pengi hata kukaa meza moja, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka wa 1931 alizunguka akiimba kusaidia Msalaba Mwekundu uliokuwa unatafutia msaada watu waliokumbwa na ukame.

Mwaka huo huo alirekodi wimbo juu ya kifua kikuu chenyewe. Wagonjwa wengi walificha ugonjwa huo kwa haya, majirani wasije wakawakimbia. Yeye aliutaja kwa jina lake mbele ya nchi nzima. Sisi tunaoishi mahali ambapo mtu bado anaficha kikohozi chake miezi na miezi, tunaelewa uzito wa jambo hilo. Tofauti ni kwamba leo kuna dawa, na mwenye kuifuata miezi sita bila kukatiza anapona. Rodgers hakuwa na bahati hiyo.

Uchumi ulipoanguka, watu hawakuwa tena na pesa ya kununua sahani. Nyumba ya Kerrville ikauzwa. Mwezi wa tano 1933 alisafiri hadi New York kurekodi tena, sababu familia ilihitaji pesa. Nguvu zilikuwa zimekwisha. Studio iliweka kitanda. Aliimba wimbo mmoja, akalala, akaamka, akaimba mwingine. Alimaliza tarehe 24. Tarehe 26 akafariki mu chumba cha hoteli, na miaka 35. Mwili ukarudishwa Meridian kwa treni.

Jina likabaki likitembea

Gitare ilibaki kwa mjane. Carrie hakuiuza. Miaka michache nyuma yake, kijana mmoja wa Texas, Ernest Tubb, alimtafuta kwa sababu ya kumpenda marehemu, ambaye hakuwahi kukutana naye hata siku moja. Carrie akamkopesha gitare ile. Tubb akaipiga karibu miaka arobaini, jina la mtu mwingine likiwa chini ya vidole vyake, mpaka gitare iliporudi Meridian. Mwimbaji mwingine, Gene Autry, aliyeanza kwa kumwiga Rodgers, aliagiza kwa Martin mwaka ule ule wa 1933 gitare yenye mapambo kama hayo na jina lake mwenyewe, lakini kwa mwili ule mkubwa wa dreadnought. Ndiyo ilikuwa D-45 ya kwanza.

Na huku kwetu? Sahani za Rodgers zilivuka bahari pamoja na gramofoni. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Huko alikuta watu wanaimba juu ya kiumbe wanachokiita Chemirocha. Kumbe ni Jimmie Rodgers, jina limegeuzwa na ndimi za huko. Wasichana walimwimba kama nusu mtu nusu swala, wakimwita aje kucheza nao. Miaka miwili nyuma yake, 1952, Tracey huyo huyo alifika Katanga, na huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamkuta kijana mwenye gitare yake, Mwenda Jean-Bosco, mtu wa Bayeke. Sahani za Mwenda nazo zikavuka mipaka kwenda mbali.

Wasichana wale wa Kipsigis hawakujua Meridian iko wapi, wala hawakuona gitare yenye kombe. Hawakujua kama mtu huyo ni mzima ao amekufa. Walisikia sauti tu kutoka mu mashine, wakaipenda, wakaipa jina la kwao na nafasi mu ngoma yao.