Imamu Ghazali na Mwaka Aliposhindwa Kusema



Leo hebu tukae kitako, wewe nami, tumzungumze mtu ambaye jina lake umelisikia madrasa tangu udogoni: Imamu Abu Hamid al-Ghazali. Najua utasema, aah, huyu si ndiye Hujjatul Islam, mwenye kitabu cha Ihyaa, bahari ya elimu? Mimi na yeye wapi na wapi? Ngoja kidogo. Kuna kisa chake ambacho wengi wetu hukiruka haraka haraka. Mwaka 1095, hata miaka arubaini hajaifika, Imamu alikaa mbele ya wanafunzi wake kusomesha na ulimi ukakataa. Neno halikutoka.

Nimekichagua kisa hiki kwa Ramadhani kwa sababu nawajua vijana ambao kumi la mwanzo halijaisha washaanza kujisuta. Wenzangu wako juzuu ya kumi na mbili, mimi bado niko ya tatu. Jana taraweh nilisinzia. Juzi nimemkemea mdogo wangu na saumu mdomoni. Mimi sifai. Mama naye jikoni, toka alasiri yuko na kaimati na viazi karai, adhana ikiadhiniwa amechoka hata tende haipiti vizuri, na bado anajilaumu eti hakusoma Qur'ani leo. Huo msongo wa mawazo ambao mtu anajitwika mwenyewe, Imamu Ghazali aliujua kwa ndani. Basi sikiliza.

Alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058, katika mji wa Tus huko Khurasani, karibu na ilipo Mashhad ya Iran leo. Baba yake alikuwa maskini, akisokota sufu na kuiuza. Alipohisi mauti yako karibu aliwausia watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, akamwachia na akiba ndogo aliyokuwa nayo awasomeshe. Pesa zikaisha. Yule rafiki, naye pia hana kitu, akawaambia ukweli: nendeni madrasa, huko mwanafunzi hupewa chakula. Kwa hivyo ukiona mwenzio anasoma kwa basari asione haya. Mlango wa elimu wa Imamu mkubwa ulifunguliwa na njaa.

Na alikuwa mkali sana juu ya nafsi yake. Wanaomsimulia wanasema siku moja akirudi kutoka Jurjan wanyang'anyi waliwavamia njiani wakachukua kila kitu, pamoja na mfuko wa madaftari yake. Akawafuata nyuma akiwaomba wamrudishie tu hayo madaftari, hayana faida kwao. Mkubwa wao akacheka: elimu gani hiyo inayoweza kuibiwa mfukoni? Akamrudishia. Kijana akafika nyumbani na lile neno limemkaa moyoni, akatumia miaka mitatu kuhifadhi kichwani kila alichoandika. Umeona? Kejeli ya mwizi, na yeye akaifanyia kazi miaka mitatu! Tunasifu bidii hiyo, na ni ya kusifiwa, lakini mtu wa namna hii ndiye huyo huyo anayekuja kuvunjika asipoangaliwa.

Akasoma Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085. Kutoka hapo akaingia katika majlisi ya waziri mkubwa Nizamul Mulk, akawashinda wanavyuoni katika mijadala, na mwaka 1091, akiwa na miaka kama thelathini na tatu hivi, akapewa kiti cha Nizamiyya ya Baghdad, madrasa iliyokuwa ikisifika ulimwenguni. Wanafunzi 300 wakimsikiliza. Cheo, jina, mavazi, kila kitu. Mwaka uliofuata waziri wake akauawa, na wiki chache baadaye Sultani Malikshah naye akafa. Nchi ikayumba. Yeye akaendelea kusomesha na kuandika.

Kisha akajiuliza swali ambalo hakulipatia jibu la kumridhisha: nasomesha kwa ajili ya nani? Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh kwamba alipoichungua nia yake aliona imechanganyika na kutaka umaarufu. Karibu miezi sita alivutwa huku na huku. Asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imeyeyuka. Ilipofika Rajab ya mwaka 488, mwili ukaamua kwa niaba yake. Ulimi ukafunga. Alijilazimisha asomeshe japo siku moja tu ili awafurahishe wanafunzi, hakuweza. Huzuni ikashuka tumboni, chakula kikawa hakipiti, hata mchuzi haukusagika. Nguvu zikamwisha.

Hapa nataka tusimame kidogo. Madaktari waliitwa. Imamu hakusema mimi ni mwanachuoni, daktari wa nini? Wakampima, wakamwambia ugonjwa huu umeanzia moyoni ukashuka mwilini, na dawa haitafaa kitu mpaka moyo upumzike na yale yanayousumbua. Hiyo ni karne ya kumi na moja! Na leo, mitaani kwetu, kijana akinyamaza wiki mbili hali wala halali, wapo watakaosema imani yake ni ndogo, mwache asali tu. Swala ni nguzo, hakuna anayebisha. Lakini kama wewe ndiye huyo kijana, au ni mwanao, mpelekeni hospitali kama mngempeleka mwenye malaria.

Basi akamwelekea Allah kama mtu aliyeishiwa na hila, na jambo lililokuwa zito likawa jepesi. Akagawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na ya kuwalisha watoto. Akatangaza anakwenda Makka, na moyoni amekusudia Sham, maana alijua Baghdad haitamwachia. Ndugu yake Ahmad akashika darasa. Dameski akakaa karibu miaka miwili. Akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango siku nzima. Akaenda Baitul Maqdis, akahiji, akazuru. Halafu, na sehemu hii naipenda sana, watoto wake wakamwita nyumbani, akarudi. Amekiri kwamba mahitaji ya familia na shida za maisha zilimvurugia ule utulivu, akawa anaupata siku moja moja tu. Lakini hakuacha kuutarajia. Kwa hivyo usidhani alipata mlima wa kukaa peke yake maisha yake yote. Alikuwa na kelele za watoto, kama wewe.

Katika miaka hiyo ndipo Ihyaa Ulumid Din ilipoandikwa, na ukiisoma ukijua yaliyompata, kuna mahali utahisi anaongea na nafsi yake. Chukua mlango wa khofu na matumaini. Anasema, kwa maana yake, kwamba hivi ni dawa mbili, na dawa hutolewa kwa kuangalia ugonjwa. Mwenye kujidanganya na kujiachia apewe khofu. Lakini aliyekata tamaa, au aliyezidiwa na khofu mpaka anajidhuru yeye na watu wake, huyo ukimwongezea khofu unamuua; dawa yake ni matumaini ya rehema za Mola wake. Sasa jiulize, mimi ni mgonjwa yupi? Wengi wetu tukishikwa na mawazo tunajinywesha ile dawa isiyotufaa. Tumeshaanguka, bado tunajipiga. Ukiwa ndani ya matatu kifua kimebana, mtihani kesho au kazi imekwisha, vuta pumzi polepole na uikumbuke aya moja tu ya rehema unayoijua, uirudie rudie hadi stendi. Ni dakika chache, na ni dawa ya Ghazali.

Au chukua lile la kuihesabu nafsi. Wengi tumefunzwa kwamba kabla ya kulala mtu ajihesabu, na tunafanya, ila tunahesabu hasara peke yake. Imamu alipiga mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake: wanaangalia mtaji kwanza, kisha faida, kisha hasara. Mtaji ni faradhi. Umeziswali tano zote leo? Umefunga? Basi mshukuru Allah aliyekuwezesha, hapo hapo, kabla ya kufika kwenye hasara. Sitakuficha, ikifika kwenye hasara Imamu ni mkali, hakuna mchezo. Lakini daftari lake lina kurasa zote tatu. Jaribu usiku wa leo baada ya taraweh, dakika tano tu, uanze na mtaji. Mama aliyefuturisha nyumba nzima ataona ukurasa wake wa faida ulivyojaa.

Na kuhusu uchache wa ibada zetu, yeye amepiga mfano wa tone la maji linalodondokea jiwe bila kukatika. Tone kwa tone jiwe hutoboka. Yale maji yote ukiyamwaga kwa mara moja, jiwe halina habari. Kurasa mbili kila baada ya swala zinakufaa kuliko juzuu tatu za siku moja kisha wiki nzima huitazami Qur'ani. Hata mtoto, alisema, akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwani kumbana na masomo daima hufisha moyo wake. Walimu wetu wa madrasa, na sisi wazazi, hapo sijui tutasemaje!

Pengine utauliza huyu Mfursi ana uhusiano gani na sisi wa huku. Mkubwa tu. Fiqhi ya Shafii tunayoifuata Lamu, Mombasa na Malindi imepita mikononi mwake: Imamu Rafii alisherehesha kitabu chake al-Wajiz, na Imamu Nawawi akafupisha kitabu cha huyo Rafii, ndio ile Minhaj inayosomwa vyuoni. Na Ihyaa imependwa mno na masharifu wa Hadhramaut, ambao wanavyuoni wao walivuka bahari wakaja kusomesha pwani hii.

Mwaka 1106 aliombwa arudi kusomesha, safari hii Nishapur, naye akakubali. Hakukaa sana. Akarejea Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa mafakiri. Siku zake akazigawa: Qur'ani, kukaa na watu wa Mungu, kusomesha. Na yule aliyekuwa hakubali kushindwa na neno la mwizi, sasa alikubali waziwazi kwamba katika elimu ya hadithi bidhaa yake ni chache. Akiwa ameshapita miaka hamsini, jina lake liko kila mji, akaanza kukaa na watu wa hadithi na kuzisoma Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Asubuhi ya tarehe 14 Jumadal Akhir mwaka 505, yaani 18 Desemba 1111, ndugu yake Ahmad anasimulia, alitawadha, akasali, akaomba sanda yake, akaibusu, akajinyoosha kuelekea kibla. Ile elimu ya hadithi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuisoma.