Percy Spencer: Yatima aliyebuni jiko la maikrowevu

JIKO la maikrowevu limekuwa chombo cha kawaida katika nyumba nyingi za mijini. Mtu hubonyeza kitufe, akasubiri dakika mbili, chakula kikawa moto. Ni wachache wanaofahamu kwamba aliyelibuni hakumaliza hata masomo ya msingi, na kwamba majaribio yake ya mwanzo yalikwisha kuonyesha hatari ambazo hadi leo huwaunguza watu majumbani.

Percy LeBaron Spencer alizaliwa Julai 1894 katika mji mdogo wa Howland, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa mtoto mchanga, na mama yake akamwacha mikononi mwa jamaa zake. Alipofikisha miaka 12 aliacha shule na kuanza kibarua kiwandani. Miaka michache baadaye, aliposikia kuwa kiwanda cha karatasi cha jirani kinataka kufungiwa umeme, alijisomea fani hiyo mwenyewe hadi akaajiriwa.

Mwaka 1912 meli ya Titanic ilizama, na sifa za mafundi wa simu ya upepo waliosaidia kuokoa abiria zikamvutia kijana huyo. Alijiunga na jeshi la majini, na humo akajifunza redio, hesabu, fizikia na kemia kwa kusoma vitabu peke yake nyakati za usiku.

Katika miaka ya 1920 aliingia katika kampuni ya Raytheon, jimboni Massachusetts. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, kampuni hiyo ilipewa kazi ya kutengeneza magnetroni, yaani kifaa kinachozalisha mawimbi ya rada, kilichoboreshwa na wanasayansi John Randall na Harry Boot huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1940. Spencer alibuni njia rahisi ya kukitengeneza, na uzalishaji ukapanda kutoka vifaa vichache hadi zaidi ya 2,000 kwa siku.

Mwaka 1945, akiwa karibu na magnetroni iliyokuwa ikifanya kazi, aligundua kuwa kitafunio kitamu alichokuwa nacho mfukoni kimeyeyuka. Badala ya kupuuza, aliagiza punje za mahindi, nazo zikawa bisi. Kisha likawekwa yai. Lilipasuka na kumrukia usoni mwenzake aliyelisogelea ili kulitazama.

Yai hilo lina somo kwa kila mwenye jiko hili. Mawimbi ya maikrowevu huyatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula hadi yakapata moto. Maji hayo yakigeuka mvuke na kukosa pa kutokea, kilichoyafunika hupasuka. Ndiyo maana yai zima halifai kupikwa humo, viazi vitobolewe kwanza kwa uma, na chombo kisifunikwe kwa kubanwa.

Spencer aliomba hataza Oktoba 1945, akaipata Januari 1950. Jiko la kwanza kuuzwa, mwaka 1947, lilikuwa na kimo cha mtu mzima, uzito wa zaidi ya kilo 300 na bei ya dola 5,000 hivi. Lile dogo la kuwekwa mezani, lililoingia sokoni mwaka 1967 kwa chini ya dola 500, ndilo lililofungua milango ya majumbani.

Wengi huhofia mionzi. Ukweli ni kwamba mawimbi haya hayaachi sumu wala mionzi ndani ya chakula, na jiko likizimwa nayo hukoma papo hapo. Kinachoyazuia yasitoke ni sanduku la chuma na wavu wa mlangoni, ambao matundu yake ni madogo mno kuyapitisha. Kwa hiyo jiko ambalo mlango wake umepinda, haufungi vizuri au bawaba zake zimelegea lisitumike kabisa.

Hatari iliyo karibu zaidi ni joto. Mawimbi hayapashi moto chakula sawasawa. Maziwa ya mtoto yanaweza kuwa vuguvugu pembeni na kuunguza katikati, hivyo ni salama zaidi kuipasha chupa ndani ya bakuli la maji ya moto. Kiporo kikorogwe na kuachwa kitulie kidogo, kiwe moto kote kabla ya kuliwa. Maji matupu ndani ya kikombe laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha yakafoka ghafla yanapoguswa. Kijiko cha mti kikitumbukizwa mapema hupunguza hatari hiyo. Sufuria, karatasi ya alumini na sahani zenye nakshi ya dhahabu hutoa cheche, nalo jiko lisiwashwe likiwa tupu.

Spencer alifariki Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 76. Kwa hataza ya jiko hilo, kampuni ilimpa bahashishi ya dola 2 tu. Mwaka 1999 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Wavumbuzi nchini Marekani.

Maisha yake yote alijifunza kwa kufungua mashine na kuzichungulia. Katika hili, asiye fundi asimuige: ndani ya jiko la maikrowevu mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.